Bushe Aliyetazama Miguu

Hakuna mtu aliyenichosha maishani kama Bushe, na hakuna niliyemsikiliza kama yeye. Jina lake la ubatizo nalijua, maana lilitangazwa kanisani kila Jumapili ya zamu yake ya kusoma, lakini mji wetu wote wa Kitshanga ulimwita Bushe, yaani muuza nyama, nami sitamwita vingine. Kibanda chake kilikuwa karibu na soko la ng'ombe: meza ya mbao, ndoano nne, na nyuma yake chumba cha mabati chenye televisheni na batri ya sola. Asubuhi aliuza nyama. Nyama ikiisha alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akavua koti lenye damu, akaingia chumbani kutusomea mapigano.

Nasema kutusomea kwa sababu ndilo neno alilolitumia mwenyewe. Mapigano yenyewe yalikuwa yale ya ndani ya wavu, ambamo watu wawili wanaruhusiwa ngumi, mateke, mieleka na kukabana mpaka mmoja ashindwe. Yalitufikia kwenye kadi za memori kutoka Goma, yakiwa yamechanganywa na nyimbo na filamu za mapenzi. Watu walikuja kuona damu. Bushe alitaka waone miguu.

Kwanza alizima sauti. Watangazaji, alisema, wanalipwa ili wapige kelele, na mtu anayepiga kelele hawezi kuona. Kisha tulitazama pambano moja mara tatu: mara ya kwanza miguu, mara ya pili kiuno, mara ya tatu uso. Mikono hatukuitazama kabisa. Rimoti aliifunga kwenye mfuko wa plastiki isipate mafuta ya nyama, na kila baada ya sekunde chache aliibonyeza, picha ikasimama, naye akainuka na kile chuma chake cha kunolea visu na kuonyesha kwenye kioo cha televisheni. Pambano la dakika kumi na tano lilikula mchana mzima.

"Papa Bushe, acha iende!" watu walilalamika. "Tunataka tuone ule anaanguka!"

"Ameshaanguka," alijibu. "Hamuone? Angalia kisigino cha nyuma. Kimelala chini. Muntu mwenye kisigino kimelala hawezi kurudi nyuma tena. Ule ameisha, yee mwenyewe tu njo hajajua."

Alibonyeza, na kabla hatujavuta pumzi mbili yule mtu alikuwa chini. Halikutokea mara zote, lakini lilitokea mara za kutosha. Waliolalamika walinyamaza, kisha kesho yake wakarudi kulalamika upya, na mimi nikiwemo.

Mara ya tatu, ile ya uso, ndiyo niliyoipenda. Hapo Bushe aliacha kuongea habari za viungo na kuanza kuongea habari za moyo. Alituonyesha mapumziko ya katikati ya raundi, ambayo watu wengine huyatumia kwenda kukojoa. Nani anamtazama mwalimu wake, na nani anamtazama mpinzani juu ya bega la mwalimu? Nani anakunywa maji, na nani anayasukutua tu na kuyatema? Aliyeinua macho kutafuta saa ukutani, Bushe alimwandika kuwa ameshindwa, hata kama alikuwa anaongoza. Alisema uchovu hauanzii mapafuni. Mtu akichoka anaacha kuchagua, anarudia kile anachokijua kuliko vyote, kiwe kizuri kiwe kibaya.

"Ukitaka kujua muntu ni nani," alisema, "ngojea achoke."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu la shule. Sikujua kwamba alikuwa ananieleza mimi.

Yeye mwenyewe hakuwahi kumpiga mtu. Hilo liliwashangaza wageni, maana alikuwa mkubwa wa mabega na alishinda na visu. Wachuuzi wawili wakigombana mbele ya kibanda chake alirudi nyuma ya meza na kujifanya anahesabu ndoano. Nyama ya ng'ombe hakula pia. Alikula maharagwe, majani ya muhogo tunayoyaita sombe, na foromaji, yaani jibini, aliyoitengeneza mkewe, ile ya kwetu Masisi ya duara ambayo mama huyo aliiuza kwenye beseni pembeni ya kibanda. Ukimuuliza kwa nini hali nyama alisema amewajua wote walipokuwa wanatembea.

Na kweli aliwajua. Ng'ombe akiletwa sokoni Bushe alimtazama akitembea hatua kumi, akasema kama bega linauma au kama kwato imeoza. Akichinja, alitenganisha goti na kisu kifupi bila kugusa mfupa, na kazi nzima haikutoa sauti. Alipotaka kutueleza jinsi wapiganaji wanavyovunjana kiwiko, alileta mguu wa mbele wa ndama mezani na kuukunja.

"Unaona? Huku unakubali. Huku unakataa. Ukiulazimisha upande unaokataa, kamba ya ndani njo inakatika ya kwanza, na haitarudiaka sawa vile ilikuwa. Kwa hiyo ukisikia unaanza kukataa, gonga. Gonga mukono chini mara tatu, refa aachanishe. Usingojee."

Kugonga chini, yaani kukubali kwamba umeshindwa, alikusifu kuliko ushindi wowote. Wengine chumbani walimzomea mpiganaji aliyegonga. Bushe alisimamisha picha na kuwakemea. Yule aliyegonga, alisema, leo jioni atakula kwa mkono wake mwenyewe, mwezi ujao atapigana tena, na nyinyi mnaomzomea hamjawahi kuwa na akili kiasi hicho.

Basi ungetarajia mtu wa namna hiyo awe mwepesi wa kukubali makosa. La. Sijawahi kumsikia Bushe akisema amekosea, si dukani, si kanisani, si nyumbani kwake. Mwaka mmoja alinunua ng'ombe mnene kwa bei ya kuchinjwa, akamhakikishia mwenye mifugo kwamba ni tasa, kwamba ameona kwa macho yake anavyobeba kiuno. Walipompasua wakamkuta ana ndama. Soko zima lilisimama kutazama. Bushe alifuta kisu, akasema, "Huyu ng'ombe alificha." Kuanzia siku hiyo, mtu akishikwa na uongo Kitshanga, watu walisema ni ng'ombe aliyeficha. Bushe alicheka pamoja nao, lakini neno lenyewe, nilikosea, hakulisema.

Mke wake aliniambia siku moja, akinikatia kipande cha foromaji, "Mutoto wangu, angekosea siku moja tu, tungepumuzika." Alilisema kwa mzaha. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kweli, na nilimwonea huruma.

Kulikuwa na mambo mawili kwenye video zile ambayo yangetushtua kama tungekuwa watu wa kushtuka. La kwanza ni maandishi. Kwenye baadhi ya kadi, maandishi yaliyochorwa kwenye sakafu ya wavu hayakusomeka, herufi zilikuwa za ajabu, zimeelekea upande usio wao. Mtu mmoja aliuliza. Bushe alisema hayo ni mapigano ya Urusi, na Warusi wanaandika hivyo. Tuliridhika. La pili ni mpiganaji mmoja bingwa ambaye kwenye kadi moja alisimama mguu wa kushoto mbele, na kwenye kadi nyingine mguu wa kuume mbele, na pande zote mbili alipigana vizuri sawasawa. Bushe alimpenda kupita kiasi. Alisema ulimwengu mzima hauna mwingine anayeweza kubadilisha upande namna ile bila kupoteza hata chembe ya nguvu. Alitufundisha mtu huyo kwa wiki mbili nzima.

Sasa nijieleze mimi. Nilianza na judo kwenye uwanja wa parokia, nikaendelea Goma kwenye jumba moja la mazoezi, na baada ya kushinda mara kadhaa nikapata mkataba wa kupigana Kampala. Pambano la kulipwa, ndani ya wavu, mbele ya kamera. Mpinzani alikuwa Mzambia aliyenizidi uzoefu. Mwalimu wangu wa Goma alinifundisha mwili, lakini sikumwamini kwa upande wa akili. Nilipanda pikipiki nikarudi Kitshanga kwa Bushe. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua ninachofanya, na hilo nalisema ili nisimtwike yeye mzigo wote.

Bushe aliagiza kadi yenye mapigano matatu ya Mzambia. Alifunga chumba kwa watu wengine, tukatazama siku tisa, sisi wawili. Miguu, kiuno, uso. Siku ya tisa alinipa hukumu.

"Huyu ni wa kushoto. Mguu wa kuume anautanguliza mbele. Ngumi yake ya kuua ni ya kushoto, inatokea huku." Alinisimamisha akajiweka mbele yangu, mtu mzima na tumbo lake, akanyoosha ngumi ya kushoto taratibu mpaka ikagusa shavu langu la kuume. "Kwa hiyo weye utazunguka ku kushoto yako tu. Uikimbie. Usiende ku kuume hata mara moja. Hata refa akikusukuma, hata mwalimu wako akilia. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

Alisimika mti uani, nikauzunguka kwa kwenda kushoto asubuhi na jioni mpaka nyasi zikafa na kubaki duara la udongo. Mkewe alilalamika kwamba kuku wanapata matope. Niliondoka nikiwa na imani ambayo sijawahi kuwa nayo tena juu ya kitu chochote.

Kampala, kengele ikalia, Mzambia akatoka kwenye kona yake na mguu wa kushoto mbele.

Niliona. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu ndilo linaloniuma. Niliona katika hatua ya kwanza kabisa, maana nilikuwa nimefundishwa kutazama miguu. Mguu wa kushoto mbele, ngumi nzito ya kuume nyuma, kama watu wengi walivyo. Kwa mtu kama huyo, kuzunguka kushoto ni kuiendea ngumi yake. Nilifikiri ni ujanja, atageuka muda si mrefu. Nikazunguka kushoto. Ngumi ya kuume ikanipata shavuni, si sana. Nikazunguka tena kushoto. Kwenye mapumziko mwalimu wangu wa Goma alipiga magoti mbele yangu akinililia, "Enda ku kuume! Ule bwana si wa kushoto, haumuone?" Nilimtazama midomo yake, maneno hayakuingia. Raundi ya pili nilikuwa nimechoka, na nikafanya kile nilichokijua kuliko vyote: nilimtii Bushe. Ngumi ya kuume ilinikuta nikiifuata. Nilipozinduka nilikuwa chini, na Mzambia alikuwa ameshika mkono wangu wa kuume katikati ya mapaja yake na kuunyoosha. Niligonga. Lakini nilikumbuka kugonga kiwiko kikiwa kimeshatoa sauti.

Aliyenieleza ni fundi wa simu Goma, nikiwa bado na plasta ngumu mkononi. Nilimsimulia juu ya Mzambia aliye wa kushoto kwenye kadi na wa kuume mbele yangu. Fundi alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Alisema watu wanaoiba mapigano kwenye mtandao wanayageuza picha, upande huu unakuwa ule, ili mashine za wenye mali zisiyatambue. Kushoto kunakuwa kuume. Si yote, mengine tu, inategemea aliyeyaiba. Akanionyesha kwenye simu yake moja ya mapigano ya Mzambia kama lilivyo kweli, na maandishi ya Kirusi ya Bushe yalikuwa herufi za kawaida kabisa, jina la kampuni ya soda. Na yule bingwa wa kubadilisha upande hakuwa amebadilisha upande hata siku moja. Nilicheka na fundi, kisha nikalia mbele yake kama mtoto mdogo.

Mkono haukurudi. Unakunjika, lakini haunyooki hadi mwisho, na mpiganaji mwenye mkono usionyooka hana kazi. Nilinunua pikipiki nikaanza kubeba watu na mizigo.

Hata hivyo, sikuwa na hasira na Bushe kwa ajili ya kadi. Nani angejua? Hasira ilikuja baadaye, pambano langu lenyewe lilipofika Kitshanga. Nalo lilikuwa limeibwa, nalo lilikuwa limegeuzwa. Fikiria walichokiona chumbani mwa Bushe: Mzambia yuko vilevile alivyosema Bushe, wa kushoto, ngumi ya kushoto. Na mimi naonekana nazunguka kwenda kuume, pale pale alipoapa nisiende, mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, mpaka ngumi ya kushoto inanilaza. Waliniona kwa macho yao nikimwasi.

"Nilimuambia," Bushe aliwaambia watu. "Yule ni kichwa nguvu. Nilimuambia." Mama yangu alirushiwa maneno hayo sokoni akinunua chumvi. Wanawake walimpa pole kwa kuwa na mtoto asiyesikia wakubwa.

Nilitaka kwenda siku hiyo hiyo na kumweleza mbele ya watu wote. Mkono ulikuwa bado unauma, nikaahirisha. Kisha vita vikarudi, barabara ikafungwa, Kitshanga ikamwagika. Nilisikia Bushe yuko Mweso kwenye kambi ya wakimbizi. Nilisikia mkewe alifariki huko, kwa ugonjwa, na kwamba mazishi yalifanywa haraka kwa sababu watu walikuwa wanaondoka tena. Nilisikia ameelekea msituni, upande wa Walikale, na watu wa familia ya mkewe. Miaka ikapita hivyo, kwa kusikia. Lakini neno nililolitaka kwake halikunitoka kichwani. Nilikuwa nikiendesha pikipiki kwenye baridi ya asubuhi, kiwiko kinauma, na najikuta naongea peke yangu, namweleza Bushe habari ya kadi kwa mpangilio mzuri, mpaka mwisho anaposema, nilikosea, mutoto wangu. Nilimfanya aseme mara nyingi sana. Ilikuwa inachosha.

Mwaka jana nilipata mzigo wa kupeleka Walikale, nikaukubali kwa ajili ya neno hilo. Njia ile si ya kupendeza, siku tatu za tope na madaraja ya magogo, na nilifika nikiwa nimevimba mikono yote miwili. Nilipokuwa nakunywa chai, mwenye kibanda aliniambia kuna mzee mmoja wa Masisi anayesoma mapigano ya wavu kwenye simu, na watu wanatoka mbali kumsikiliza. Niliacha chai.

Nilimkuta mbele ya nyumba ya mbao, kwenye kiti cha plastiki, na simu imeegemezwa kwenye kopo la maziwa. Alikuwa amekonda, shati lilimzidi, na mkono wake wa kuonyeshea ulitetemeka. Pembeni alikuwa na meza ndogo ya chumvi, sabuni na viberiti. Nyama alikuwa ameiacha. Huko wanakula nyama ya pori, na alisema baadaye kwamba hakuvijua viungo vyake. Wanaume sita hivi walisimama nyuma yake wakiinama, na mmoja, mwalimu wa shule mwenye kalamu mfukoni, alikuwa akiandika. Sauti ilikuwa imezimwa. Alikuwa akiwafundisha miguu.

Aliinua macho nikiwa mbali kidogo. Alinitambua kwa namna ninavyotembea.

"Angalieni," akawaambia wale watu, na sauti yake ilipanda. "Angalieni nani anakuja. Huyu njo yee. Huyu njo ule wa Kampala."

Walinigeukia wote. Nilielewa mara moja kwamba wananijua, kwamba pambano langu ni somo lao, huenda la wiki hiyo hiyo. Mwalimu wa shule alinishika mkono kwa heshima, kisha akashindwa kujizuia.

"Kaka, samahani. Papa ametufunza hili pambano mara nyingi. Alikuambia kushoto. Kwa nini uliendaka ku kuume?"

Basi swali likawa limeulizwa, mbele ya mashahidi, na jibu nilikuwa nalo tayari kwa miaka. Ningelitoa kwa sentensi tano. Simu ilikuwa pale, ningewaonyesha hata herufi zilizogeuka. Nilimtazama Bushe. Hakuwa na ile sura yake ya kujua. Alikuwa ananitazama kwa wasiwasi, kama anayengoja jibu kuliko wao wote. Na niliiona meza ya chumvi, na kiti, na wale watu sita, na nikaona kwamba zaidi ya hivyo hana kitu duniani.

"Nilikosea," nikasema. "Papa aliniambia, miye sikusikia."

Neno nililolifuata siku tatu kwenye tope lilitoka kinywani mwangu mwenyewe. Watu walipumua, wakacheka kwa upole, mmoja akanipigapiga mgongoni. Mwalimu wa shule aliandika kitu. Nilijisikia mnyonge, na pia nilijisikia kama mtu aliyetua gunia, na sikujua ni lipi kubwa.

Bushe hakucheka. Aliwaambia warudi kesho, leo ana mgeni. Walipoondoka alinivutia ndoo nikaikalia. Tuliongea kidogo juu ya mama yangu. Juu ya mkewe aliongea kidogo zaidi, akasema tu kwamba siku za mwisho alikuwa anaomba foromaji na haikuwepo. Kisha aliichukua simu na kuisimamisha kwenye picha moja. Ilikuwa ni mimi, dakika ya kwanza, kabla sijapigwa.

"Kuna kitu kinanisumbua," akasema. "Angalia unavyosimama. Mguu wa kuume mbele. Miye nilikuona siku tisa uani pangu, haukusimamaka hivi hata mara moja. Nani alikufunza kusimama hivi?"

Nilikwangua tope kwenye kiatu changu.

"Naiangaliaka kila siku," akasema. "Ile miguu haiko yako."

Mvua ya msituni ilikuwa inaanza, ile isiyo na haraka, na watu barabarani walikuwa wanafunika mizigo yao. Bushe aliigeuza simu kifudifudi juu ya goti lake.

"Leta ule mukono uliovunjika."

Kwenye video ile iliyogeuzwa ni mkono wa kushoto unaovunjika. Nilimpa wa kushoto.

Aliushika kwa mikono yake miwili, na mtetemo wake ukatulia palepale. Kidole gumba kiliingia chini ya mfupa wa kiwiko, kikatafuta, kikatulia. Akaukunja, akaunyoosha, ukanyooka mpaka mwisho bila ubishi wowote, mkono mzima wa mtu mzima. Akarudia mara ya pili, taratibu zaidi. Mtu aliyetenganisha viungo maisha yake yote hawezi kudanganywa na kiwiko, na nilijua hilo nilipompa. Labda ndiyo sababu nilimpa.

"Ulipona muzuri," akasema.

"Nilipona, Papa."

Hakuuachia. Alitazama barabarani.

"Na ule mwingine," akauliza bila kunigeukia. "Ule wa kuume. Baridi ya kule juu inaukamataka?"

"Inaukamata, Papa. Zaidi asubuhi."

"Ulete."

Nikampa. Aliunyoosha polepole mpaka pale unapokataa, hakulazimisha, akauacha hapo hapo mikononi mwake. "Ni miye niliuvunja," akasema. Nikamwambia pikipiki bado naiendesha bila shida, na akatikisa kichwa kwa sababu aliujua uongo wangu, akaendelea kuushika mpaka mvua ilipotufukuza ndani.